Kijiti jichoni, hatari ubongoni: Jinsi madaktari wanavyoondoa vitu vilivyopenya tundu la jicho

JERAHA la jicho lisilovuja damu nyingi huwahadaa wengi. Mtoto huanguka akiwa na penseli mkononi, kope ikatoboka kitundu kisichozidi punje ya mahindi, mzazi akapanguza damu, akaona jicho lingali linaona na mambo yakaishia hapo. Baada ya siku kadhaa homa hupanda, shingo ikakakamaa na mtoto akaanza kutapika. Hapo ndipo hubainika kwamba ncha ya penseli haikuishia kwenye kope, bali ilipita juu ya jicho, ikatoboa mfupa na kuingia ubongoni.

Ajali za aina hii ni chache zikilinganishwa na majeraha mengine ya kichwa. Hata hivyo, zinapotokea, uhai wa mgonjwa hutegemea mambo mawili: iwapo kuna mtu aliyeshuku mapema kwamba kitu kimefika ubongoni, na iwapo kuna mtu aliyekichomoa kabla ya wakati wake.

Vitu vinavyotajwa mara kwa mara katika maandishi ya wapasuaji duniani ni vya kawaida mno. Kuna penseli na kalamu, vijiti vya kulia chakula huko Asia, matawi makavu, bisibisi, misumari, visu na vipande vya nondo. Watoto wengi huumia kwa kuanguka wakikimbia na kitu mkononi, ilhali watu wazima, hasa wanaume, huumia kazini, barabarani au katika ugomvi.

Humu nchini mishale nayo imo katika orodha hiyo. Katika ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hospitali za Bonde la Ufa zilipokea majeruhi waliodungwa mishale sehemu mbalimbali za mwili. Mshale wenye vinyago vilivyorudi nyuma mithili ya ndoana huingia kwa urahisi lakini hautoki bila kurarua kila ulichokipita. Mtu anayeuvuta kwa nguvu huwa anatengeneza jeraha la pili, pengine baya kuliko lile la kwanza.

Ili kuelewa kwa nini kitu chembamba hufika mbali hivyo, hebu tutazame umbo la tundu la jicho lenyewe. Tundu hilo limeundwa kwa mifupa 7 na lina umbo la piramidi iliyolazwa, mdomo wake mpana ukielekea mbele na kilele chake kikiwa nyuma ndani ya fuvu. Kina chake kwa mtu mzima ni kati ya sentimita 4 na 5 hivi. Ukingo wa nje, ule mtu anaoweza kuugusa kwa kidole, ni mgumu na uliumbwa kustahimili ngumi na vishindo.

Ndani mambo ni tofauti. Dari ya tundu hili ni mfupa mwembamba ambao mahali pengine hauzidi ganda la yai kwa unene, na juu ya dari hiyo umelala ubongo wa mbele. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba zaidi, kiasi kwamba jina lake la Kilatini linaufananisha na karatasi. Nyuma ya ukuta huo kuna vyumba vya hewa vya pua ambavyo havikosi viini.

Umbo hili la piramidi ndilo huleta balaa. Kitu chenye ncha kikishaingia, kuta zinazobanana huwa kama faneli, zikikiongoza nyuma hadi kileleni, mahali penye matundu ya asili yanayopitisha neva na mishipa ya damu. Jicho nalo, kwa kuwa ni gumu kiasi na limezungukwa na mafuta laini, husukumwa kando badala ya kutoboka. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na kijiti ubongoni na bado akasoma maandishi ukutani kwa jicho lile lile.

Kuna njia tatu ambazo kitu hupitia kuingia ubongoni. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni kutoboa dari na kuingia ubongo wa mbele. Hii hutokea hasa mtu anapoanguka kifudifudi, kwani kichwa huinuka na kitu kikaelekea juu. Njia ya pili ni kupenya ufa ulio nyuma ya tundu, unaopitisha neva zinazosogeza jicho. Aliyedungwa kupitia hapo hukumbana na hatari kubwa, maana nyuma ya ufa huo kuna kidimbwi cha damu ya vena ambamo hupita ateri kuu ya ubongo iitwayo karotidi, na mbele kidogo kuna shina la ubongo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Njia ya tatu ni mfereji wa neva ya kuonea. Huo ni mwembamba sana na vitu vichache huupita, lakini kikipita upofu wa jicho hilo huwa karibu hauepukiki.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni jinsi mtu anavyoweza kudungwa kisu ubongoni na kufika hospitalini akizungumza. Jibu limo katika mwendo wa kitu chenyewe. Risasi husafiri kwa kasi kubwa na kutawanya nguvu yake pande zote, ikisambaratisha hata sehemu ambazo haikuzigusa. Kisu, kijiti au msumari uliosukumwa kwa mkono huharibu ile njia uliyoipita tu. Njia hiyo ikiwa ndani ya ubongo wa mbele wa upande mmoja, bila kugusa mshipa mkubwa, mgonjwa anaweza asipoteze fahamu hata kidogo.

Ni katika hali hiyo ya utulivu wa kudanganya ambapo makosa hufanyika.

Kitu kilichodunga huenda ndicho kinachouziba mshipa kilioutoboa, mithili ya kizibo katika mdomo wa chupa. Kikichomolewa nyumbani, kando ya barabara au katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, damu hububujika ndani ya fuvu mahali ambapo hakuna bendeji inayoweza kufika. Kwa sababu hiyo, kitu huachwa kilivyo. Huzungushiwa kitambaa safi kilichokunjwa au kufunikwa kwa kikombe cha karatasi kilichotobolewa ili kisitikisike, na jicho halikandamizwi. Mgonjwa hukalishwa au hulazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa, asipewe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akalazwa kwa nusukaputi punde afikapo. Mikono ya mtoto hushikwa, kwa sababu jambo la kwanza atakalotaka ni kukivuta.

Kitu kikiwa kirefu kiasi cha kutoingia katika gari, kama vile nondo au mkuki, hukatwa na waokoaji wenye vifaa huku mtu mwingine akikishika imara karibu na uso. Kukikata kwa msumeno wa mkono bila kukishika ni kukikoroga ndani ya ubongo.

Hatari nyingine ni ya kitu kisichoonekana. Kijiti huvunjika ndani, kipande cha nje kikaanguka, na jeraha la kope likajifunga lenyewe baada ya siku mbili. Mzazi anayeambiwa na watoto wenzake kwamba mwanawe alidungwa na kijiti anapaswa kukitafuta kijiti chenyewe na kwenda nacho hospitalini. Daktari akiona kwamba ncha haipo, atajua pa kuanzia.

Vipimo

Afikapo mgonjwa katika hospitali kubwa, madaktari huanza na pumzi, damu na fahamu zake kabla ya jicho. Hupewa chanjo ya pepopunda na dawa kali za kuua viini. Kisha huchukuliwa picha za skani ya CT, ambazo hukata kichwa vipande vyembamba kama mkate na kuonyesha kitu kilipoingia, kilipoishia na kilichovunjika njiani. Dawa maalumu ikidungwa mshipani, skani hiyo huonyesha pia iwapo ateri imeguswa.

Chuma na kioo huonekana waziwazi katika skani. Mti ndio msumbufu. Mti mkavu una hewa nyingi ndani yake, na katika picha huonekana mweusi kama hewa tu. Daktari asiye makini anaweza kudhani ni kiputo cha hewa kilichoingia na jeraha. Baada ya siku kadhaa mti hufyonza maji ya mwilini, rangi yake katika picha ikabadilika na kufanana na nyama iliyouzunguka, ukazidi kufichika. Mtaalamu wa picha mwenye uzoefu hutilia shaka "hewa" yoyote iliyonyooka kama rula, kwani hewa ya kawaida haina kingo za namna hiyo.

Mashine ya MRI huonyesha mti vizuri zaidi, lakini ni mwiko kumwingiza mgonjwa humo kabla ya kuhakikisha kwamba hana chuma kichwani. Sumaku ya mashine hiyo ina nguvu za kutosha kukisogeza chuma ndani ya ubongo.

Mti una ubaya mwingine. Vinyweleo vyake hubeba viini na udongo, na dawa haziwezi kuvifikia humo. Kipande kidogo kilichosahaulika kinaweza kuzua jipu la ubongo baada ya majuma, miezi au hata zaidi, wakati ambapo kila mtu ameshasahau ajali yenyewe. Kwa hiyo wapasuaji huridhia kuacha kipande cha risasi kilicho ndani sana ya ubongo, iwapo kukifuata kutaharibu zaidi kuliko kukiacha, lakini mti hawauachi ikiwa kuna njia yoyote salama ya kuufikia.

Chumbani mwa upasuaji

Kazi hii haifanywi na daktari mmoja. Huwapo mpasuaji wa ubongo, daktari wa macho na mara nyingi daktari wa masikio, pua na koo. Mtihani wa kwanza humwangukia mtaalamu wa nusukaputi. Barakoa ya kumpumulisha mgonjwa haikai usoni ikiwa mpini wa kisu umesimama hapo, na kikohozi kimoja cha nguvu wakati mrija ukipitishwa kooni kinaweza kupandisha msukumo ndani ya fuvu na kuanzisha damu. Hulazimika kubuni mbinu, pengine kupitisha mrija kwa msaada wa kamera nyembamba mgonjwa akiwa angali macho.

Watu hudhani kwamba upasuaji ni kukivuta kitu kwa ustadi. Ukweli ni kwamba kukivuta huwa karibu jambo la mwisho. Mpasuaji hukata ngozi ndani ya nywele, kutoka sikio moja kuelekea jingine, akaikunjua mbele na kufungua kidirisha katika mfupa wa paji la uso. Hatua hiyo humwezesha kuiona ncha kutoka upande wa ubongo. Akishaiona, anaweza kuutenga ubongo ulioizunguka, kuziba mishipa midogo inayovuja na kujiandaa kwa mikubwa.

Ikiwa kuna shaka kwamba karotidi imejeruhiwa, shingo nayo hufunguliwa na ateri hiyo ikazungushiwa uzi mapema, ili ibanwe papo hapo damu ikifumka. Katika hospitali zenye vifaa, mtaalamu hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi shingoni na kuweka puto dogo ndani ya ateri, likisubiri kufurishwa.

Baada ya hayo yote ndipo kitu hutolewa, polepole, kwa kuifuata ile ile njia kilichoingilia. Hakipindwi wala hakitikiswi. Mmoja hukivuta kutoka nje huku mwingine akitazama kutoka ndani kupitia hadubini. Vitu ambavyo ncha yake imeishia karibu na pua vinaweza kufuatwa kwa kamera inayopitishwa puani, bila kufungua fuvu.

Kazi inayofuata haionekani katika picha za magazeti, lakini ndiyo inayoamua hali ya mgonjwa mwezi ujao. Vipande vya mfupa, nyuzi za nguo na chembe za mti huondolewa kimoja kimoja, na ubongo uliokufa hufyonzwa. Utando mgumu unaoufunika ubongo hushonwa au kuzibwa kwa kiraka kilichokatwa chini ya ngozi ya kichwa au kutoka pajani. Usipozibwa vyema, majimaji ya ubongo huvuja kupitia puani au jichoni, maji meupe kama machozi yasiyokoma, na njia iliyoyatoa hugeuka mlango wa viini vya homa ya uti wa mgongo.

Kanuni ya kutokivuta kitu ovyo ni kongwe kuliko hospitali za kisasa. Mwaka wa 1403, katika vita vya Shrewsbury nchini Uingereza, mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme Henry wa Tano alidungwa mshale kando ya pua akiwa na umri wa miaka 16. Mti wa mshale ulitoka lakini kichwa cha chuma kikabaki ndani kwa kina cha takriban inchi 6. Mpasuaji John Bradmore hakukivamia. Alilipanua jeraha kidogo kidogo kwa vijiti vilivyoviringwa kitambaa na kupakwa asali, kisha akatengeneza koleo maalumu lenye skrubu, akaliingiza ndani ya tundu la kile chuma, akalipanua likashika na kukitoa. Kwa siku 20 alilisafisha jeraha kwa divai na asali. Mwanamfalme alipona na kutawala.

Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa hakubahatika. Mnamo Juni 30, 1559, katika mchezo wa mikuki juu ya farasi, mkuki wa mpinzani wake ulivunjika na vibanzi vikamwingia juu ya jicho la kulia. Wapasuaji na wataalamu mashuhuri wa enzi hiyo, Ambroise Paré na Andreas Vesalius, walikuwa kando ya kitanda chake. Baadhi ya vibanzi viliondolewa. Mfalme alifariki Julai 10, na maiti yake ilipopasuliwa zilipatikana damu na dalili za kuoza upande wa nyuma wa ubongo, mbali na mahali mkuki ulipoingilia. Ujuzi ulikuwapo, ila picha za ndani ya kichwa na dawa za viini havikuwapo.

Katika ardhi ya Kenya, kufungua fuvu hakukungoja hospitali za kikoloni. Miongoni mwa Abagusii, mabingwa wa jadi walioitwa omobari omotwe walikuwa wakikwangua mfupa wa kichwa ili kutuliza maumivu yaliyomwandama mtu aliyegongwa kichwani. Watafiti wa kigeni waliandika kuwahusu katika miaka ya 1950 na 1960. Walichokiepuka mabingwa hao ni kuutoboa utando ulio chini ya mfupa, tahadhari ambayo mpasuaji wa leo angeitambua mara moja.

Eksirei zilipogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, wapasuaji waliweza kwa mara ya kwanza kuona chuma kichwani kabla ya kukata. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mmarekani Harvey Cushing alikuwa akisafisha njia ya kila kipande cha bomu ubongoni, pengine akikivuta chuma kwa msumari uliotiwa nguvu za sumaku, na akafanikiwa kupunguza vifo miongoni mwa wagonjwa wake kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya theluthi moja katika muda wa miezi michache ya 1917. Skani ya CT ilitumiwa kwa mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka wa 1971. Godfrey Hounsfield aliyeiunda aligawana Tuzo ya Nobel ya 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanza kuifikiria hesabu ya picha hizo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Baada ya kutoka wodini

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huu hakai siku mbili akaenda zake. Dawa za viini huendelea kwa majuma kadhaa, na za kuzuia kifafa hutolewa hasa katika siku za mwanzo. Hata skani ya kwanza ikionyesha kwamba mishipa ni mizima, picha ya mishipa hurudiwa baadaye. Ateri iliyokwaruzwa inaweza kutunga uvimbe mwembamba kama puto, ukapasuka bila ishara siku au majuma baada ya mgonjwa kuonekana amepona.

Mabadiliko ya tabia huwatatiza jamaa zaidi kuliko kovu. Mfano unaotajwa katika kila chuo cha udaktari ni wa Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Mnamo Septemba 13, 1848, baruti ilirusha chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6, kikapita chini ya shavu lake la kushoto, nyuma ya jicho na kutokea utosini. Alizungumza dakika chache baadaye. Jicho lile lilipofuka, naye akaishi zaidi ya miaka 11, lakini Dkt John Harlow aliyemtibu aliandika kwamba mtu yule mtaratibu alikuwa amegeuka mkali na asiyetabirika. Ni haki kuongeza jambo ambalo husahauliwa na wengi: Gage alikuja kuendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyoweza kufanywa na mtu aliyeharibikiwa kabisa. Alifariki mwaka wa 1860 baada ya kushikwa na kifafa.

Jicho la pili nalo huhitaji kuangaliwa. Jicho lililotoboka likaachwa na majeraha ya ndani linaweza, kwa nadra, kuufanya mwili ulishambulie hata lile zima. Louis Braille wa Ufaransa, aliyebuni maandishi ya vipofu, alijidunga jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na umri wa miaka 3, na kufikia umri wa miaka 5 alikuwa amepoteza yote mawili. Siku hizi jicho lililoharibika kabisa huweza kuondolewa mapema, kwa kawaida katika siku 14 za kwanza, ili kupunguza hatari hiyo. Na mgonjwa akiona mwanga unamuumiza au ukungu ukilitanda jicho lake zima, hata baada ya miaka, hurudi kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani dawa za kutuliza uvimbe zikianzishwa mapema huweza kuliokoa.

Wale ambao wameachiwa vipande vya chuma vichwani hupewa maandishi yanayoeleza aina ya chuma na mahali kilipo. Karatasi hiyo huonyeshwa katika hospitali yoyote watakayoingia, kabla ya mtu yeyote kuwapeleka kwenye MRI.